Mgeni njoo, mwenyeji wa Gudele apone

WAFANYABIASHARA wanaopitisha mizigo Elegu na Nimule kwenda Juba wanakijua kila kizuizi kwenye kilometa 192 za lami kati ya mpaka na mji huo. Wanajua dola inauzwa pauni ngapi asubuhi na ngapi jioni. Wanajua soko la Konyo Konyo linataka nini na soko la Gudele linataka nini. Lakini katika madaftari ya wengi wao hakuna mstari unaohusu afya ya mtu anayenunua mzigo huo, na kukosekana kwa mstari huo kunawagharimu wao wenyewe kuliko wanavyodhani.

Gudele iko magharibi mwa Juba, jirani na Munuki. Ardhi yake kwa asili ni ya Wabari, wenyeji wa Juba na vitongoji vyake. Baada ya Mkataba wa Amani wa 2005, maelfu ya watu waliorudi kutoka Khartoum, Uganda na Kenya walitafuta viwanja na kujenga pembezoni mwa mji, Gudele ikiwamo. Wakafuatwa na wenye maduka, mafundi, mama lishe na madereva kutoka Uganda, Kenya, Kongo, Ethiopia, Eritrea na Sudan. Makazi yakaongezeka kwa kasi ambayo mabomba ya maji, mifereji na zahanati havikuweza kuifuata.

Hadi leo sehemu kubwa ya wakazi hununua maji yanayoletwa na maboza, ambayo Wakenya na Waganda huyaita matanka. Boza hujaza kando ya Mto Nile au kwenye kisima kirefu, hupita mitaani na kumwaga maji kwenye mapipa ya wateja. Kutoka kwenye pipa maji huchotwa kwa dumu, kopo au kikombe. Kila hatua katika safari hiyo ni nafasi ya uchafu kuingia. Ikumbukwe pia kwamba biashara hii ya maboza kwa miaka mingi imebebwa kwa sehemu kubwa na wenye mitaji na madereva kutoka nchi jirani. Maji ya Gudele ni bidhaa kama unga na saruji, na wanaoiuza ni wafanyabiashara wale wale wa kuvuka mpaka.

Matokeo yake yameandikwa kwenye kumbukumbu za serikali na za Shirika la Afya Duniani. Mei 15, 2014, Sudan Kusini ilitangaza mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Juba. Kabla ya mwaka kwisha, wagonjwa walikuwa zaidi ya 6,000 na waliofariki zaidi ya 160. Gudele ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoguswa, na kituo cha kutibu wagonjwa wa kipindupindu kilifunguliwa huko. Ugonjwa ulirudi 2015. Ukarudi tena 2016 na kuendelea hadi serikali ilipotangaza mapema 2018 kuwa umekwisha, baada ya wagonjwa zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 400. Oktoba 2024 ukatangazwa tena, safari hii ukianzia Renk kaskazini mwa nchi, na kufikia katikati ya 2025 ulikuwa umeua zaidi ya watu 1,000.

Mfanyabiashara anaweza kusema hayo ni mambo ya wizara na mashirika ya misaada. Angekuwa sahihi kama ugonjwa ungebaki nje ya ghala lake. Lakini kibarua anayeshusha magunia anakunywa maji hayo hayo. Dereva anayelala Gudele akisubiri mzigo wa kurudi anakula kwa mama lishe anayeosha sahani kwa maji hayo hayo. Mteja anayemuuguza mtoto hanunui bati wala kitenge; anauza alichonacho apate nauli ya hospitali.

Na ugonjwa ukishakuwa mkubwa, mpaka nao hubadilika. Mwaka 2020, wakati wa corona, madereva wa malori ndio waliotazamwa kama wabebaji wa ugonjwa katika Afrika Mashariki yote. Walipimwa mipakani, wakasubiri majibu kwa siku, foleni zikawa ndefu na nyanya zikaoza ndani ya malori. Wakati wa ebola mashariki mwa Kongo kati ya 2018 na 2020, wasafiri walipimwa joto Nimule. Februari 2025, Sudan Kusini ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, huko huko Juba, na macho yakaelekezwa tena kwenye njia ya kusini. Kila mara hasara ya kwanza kuonekana kwenye daftari ilikuwa ya mfanyabiashara mdogo asiye na akiba ya kusubiri.

Kwa hiyo afya ya Gudele ni sehemu ya mtaji wa biashara ya mpakani. Swali ni namna gani mtaji huo utunzwe.

Jibu lililozoeleka ni kile kinachoitwa wajibu wa kampuni kwa jamii. Kwa bahati mbaya, katika miji mingi ya ukanda huu maneno hayo yamekuwa na sura moja: hundi kubwa ya kadibodi, fulana zenye nembo, bango, katoni kadhaa za sabuni na kamera. Pengine kuna siku moja ya kupima shinikizo la damu na sukari chini ya turubai. Viongozi wanahutubia, picha zinapigwa, watu wanaondoka na sabuni. Wiki inayofuata boza linamwaga maji yale yale kwenye pipa lile lile.

Hakuna ubaya katika kugawa sabuni. Ubaya ni kudhani kwamba wajibu umekwisha hapo. Wajibu wa mfanyabiashara kwa afya ya jamii una sehemu mbili, na sehemu ya kwanza haihitaji hata senti ya mchango. Sehemu hiyo ni mzigo wenyewe: kile anachouza kisimdhuru anayekinunua. Sehemu ya pili, yaani mchango, ina maana pale tu ya kwanza inapotimizwa. Anayeuza unga wenye sumukuvu Januari kisha akatoa msaada wa vitanda vya wagonjwa Desemba hajaisaidia jamii. Amewalaza kwenye vitanda hivyo watu aliowaumiza mwenyewe.

Chukua maji. Boza la lita 10,000, likiwa na maji yaliyokwisha kutulia na kuchujwa, linahitaji takribani gramu 20 za klorini halisi ili kufikia miligramu 2 kwa kila lita. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, hiyo ni kama gramu 30, yaani vijiko vichache vya chakula kwa boza zima. Ikipewa nusu saa kabla ya maji kuanza kutumika, huua vijidudu vya kipindupindu, na kiasi kidogo kinachobaki huendelea kuyalinda maji ndani ya pipa. Maji ya mto yenye tope yanahitaji kutulizwa kwanza, kwa shabu kwa mfano, kwa sababu tope hula klorini kabla haijafanya kazi.

Hii si siri ya wataalamu. Katika milipuko iliyopita, mashirika ya misaada yaliweka watu kwenye vituo vya kujazia maboza mjini Juba ili kutia klorini. Tatizo ni kwamba milipuko ikipungua, fedha za mashirika hupungua, na mtu wa klorini huondoka kituoni. Kazi iliyopaswa kuwa gharama ya kawaida ya biashara, kama dizeli na matairi, ikawa msaada wa kigeni. Wenye maboza wakikubaliana kwamba klorini ni sehemu ya gharama ya safari, na kila boza likabeba kadi inayoonyesha lilijazwa wapi, saa ngapi na nani aliyetia dawa, Gudele itakuwa imepata kinga kubwa bila hafla yoyote.

Chukua unga na nafaka. Sumukuvu hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga ambazo hazikukaushwa vizuri au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Haionekani kwa macho na haimalizwi kwa kupika. Ikiingia mwilini kwa wingi kwa muda mfupi huua kwa kuharibu ini. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kati ya wagonjwa 317 walioripotiwa.

Wafanyabiashara wa ukanda huu hawahitaji kuhadithiwa kuhusu upande wa pili wa jambo hilo. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2023, malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiliwa na maofisa wa Sudan Kusini kwenye mpaka wa Elegu na Nimule kwa sababu hiyo hiyo. Wenye mizigo walilalamika kuhusu vipimo na kuhusu muda waliokaa barabarani, na malalamiko ya namna hiyo yanastahili kusikilizwa, kwa kuwa maabara zisizoaminiana ni tatizo la kweli ndani ya Jumuiya. Hata hivyo, kiwango cha Afrika Mashariki kiko wazi: sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipima unyevu ni kifaa cha mkononi. Umoja wa wafanyabiashara unaweza kukinunua na kukitumia ghalani kabla gunia halijapanda lori, badala ya kusubiri ofisa akigundue tatizo mpakani au ini la mtoto wa Gudele ligundue baada ya miaka.

Dawa nazo zina habari yake. Maduka madogo ya dawa ndiyo zahanati ya kwanza kwa wakazi wengi wa pembezoni mwa Juba, na shehena ya dawa hizo huingia kwa njia ile ile ya Nimule. Dawa iliyokaa kwenye lori lililofungwa turubai katika joto la Machi, au iliyonunuliwa kwa bei nafuu kwa sababu tarehe yake inakaribia kuisha, inaweza isitibu kitu. Mgonjwa wa malaria anayemeza vidonge visivyo na nguvu hupoteza fedha na siku, na kwa mtoto chini ya miaka mitano siku moja au mbili zinatosha kumaliza maisha. Muuzaji anayekataa mzigo wa namna hiyo ametoa mchango mkubwa kwa afya ya jamii kuliko anayegawa fulana.

Hapo ndipo inapokuja sehemu ya pili, mchango. Hapa kuna mifano ya kujifunza, mizuri na mibaya.

Mwaka 2006, kampuni ya dhahabu ya AngloGold Ashanti ilianza kudhibiti malaria katika mji wa Obuasi nchini Ghana. Wafanyakazi wake walikuwa wanaugua kwa wingi, na kampuni ilipoteza siku za kazi na fedha za matibabu. Ingeweza kunyunyizia dawa nyumba za wafanyakazi pekee. Badala yake ilinyunyizia mji, kwa sababu mbu hachagui nyumba ya mwajiriwa na ya jirani yake. Katika kipindi cha takribani miaka miwili, wagonjwa wa malaria walipungua kwa karibu robo tatu. Baadaye Mfuko wa Dunia uliupa mpango huo fedha za kuupeleka katika wilaya nyingine. Kilichofanikisha kazi ile hakikuwa huruma peke yake. Kampuni ilihesabu hasara yake, ikaona kwamba afya ya mwenyeji na afya ya biashara ziko kwenye mizani moja, ikafanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo mmiliki wa mgodi wa Geita nchini Tanzania. Huko sheria iliongeza jambo lingine. Mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni ya madini kuandaa mpango wa wajibu kwa jamii kila mwaka na kukubaliana na serikali za mitaa kuhusu mpango huo. Fedha za mgodi zimejenga zahanati, vituo vya afya na madarasa. Hakukukosekana malalamiko, hasa kuhusu miradi kuchelewa, lakini malalamiko yenyewe ni dalili nzuri: watu wanajua kilichoahidiwa, kwa hiyo wanaweza kuuliza kilipo.

India ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya Kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu iliyotangulia kwa ajili ya jamii. Sudan Kusini yenyewe ina sheria nzuri kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta ya 2013 inatenga asilimia 2 ya mapato hayo kwa majimbo yanayozalisha mafuta na asilimia 3 kwa jamii zinazoishi kwenye maeneo hayo. Lakini jamii hizo zimelalamika kwa miaka kwamba fedha haziwafikii, huku zikilalamikia pia maji yaliyochafuliwa na shughuli za visima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mapato ya mafuta hayawezi kuepuka kanuni hiyo.

Kutokana na mifano hiyo, mchango wa wafanyabiashara kwa afya ya Gudele unapaswa kutimiza masharti matatu.

La kwanza, uwe mdogo lakini usiokatika. Kiwanda cha bia kilichofunguliwa Juba 2009 kilifungwa 2016 kwa kukosa fedha za kigeni za kuagiza malighafi, na kilikuwa cha kampuni kubwa ya kimataifa. Jamii inayotegemea mfadhili mmoja hubaki mikono mitupu siku mfadhili anapofungasha. Wafanyabiashara 100 wakitoa sawa na dola 5 kila mwezi wanapata dola 6,000 kwa mwaka. Kumi kati yao wakiondoka, mfuko unabaki na dola 5,400 na kazi inaendelea. Mchango unaotokana na watu wengi wadogo huvumilia misukosuko ya pauni na ya siasa kuliko hundi moja kubwa.

La pili, mwenyeji ndiye apange matumizi. Sheria ya Ardhi ya 2009 ya Sudan Kusini inataka jamii ishirikishwe pale ardhi yake inapotakiwa kwa uwekezaji. Haitakuwa busara mgeni aje aamue peke yake mwenyeji anaumwa nini. Machifu wa Kibari wanaijua ardhi, wanajua wapi maji ya mvua hutuama na wapi vyoo hufurika. Wanawake wanaochota maji wanajua boza lipi huleta maji yenye harufu. Wakazi waliotoka majimbo mengine nao ni sehemu ya Gudele ya leo, na ugonjwa hauwaulizi kabila. Kamati isiyo na watu hawa itajenga kitu kizuri mahali pasipohitajika, na baada ya mwaka kitakuwa ghala la mbuzi.

Zaidi ya hayo, si lazima kuanzisha kitu kipya. Tangu 2017 Sudan Kusini imekuwa na mpango wa afya ngazi ya boma, ambao huwafundisha wanajamii wenyewe kutambua na kutibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kuwapeleka mbele walio na hali mbaya. Mhudumu wa namna hiyo ni mtu wa mtaa huo huo, anazungumza lugha ya mama wa mtoto na anajulikana nyumba kwa nyumba. Anachokosa mara nyingi ni vitu vidogo: pakiti za ORS, vipimo vya haraka vya malaria, tochi, mabuti ya mvua, posho inayofika kwa wakati. Lori linalotoka Kampala likiwa na nafasi ya katoni mbili linaweza kuvibeba bila kuongeza nauli.

La tatu, hesabu zibandikwe. Kila mwezi kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichonunuliwa kiandikwe kwa Kiarabu cha Juba, Kibari, Kiingereza na Kiswahili, kibandikwe sokoni, kituo cha kujazia maji na mlangoni mwa zahanati. Mfanyabiashara haamini mizani asiyoiona. Naye mwenyeji asitakiwe kuamini mfuko asiouona.

Yapo maswali ya haki dhidi ya hoja hii. La kwanza ni kwamba wafanyabiashara tayari wanatozwa mno. Wanalipa ushuru, ada na malipo yasiyo na stakabadhi kwenye vizuizi. Mwaka 2021, madereva wa Kenya na Uganda waligoma kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa njiani. Kuwaongezea mchango watu wa namna hiyo kunaweza kuonekana kama kizuizi kingine chenye jina zuri. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kwamba mfuko huu usikusanywe barabarani, usikusanywe na mwenye bunduki wala usiwe sharti la leseni. Utoke ndani ya vyama vya wafanyabiashara wenyewe, na fedha zake zisipite mkononi mwa ofisa yeyote wa ushuru. Siku utakapogeuzwa kuwa tozo, utakuwa umekufa.

Swali la pili ni kwamba afya ni kazi ya serikali. Ni kweli. Aprili 2001 huko Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi za ukanda huu, Sudan Kusini ikiwamo, hazijaifikia ahadi hiyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ibara ya 118, unazitaka nchi wanachama zishirikiane kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Sudan Kusini, iliyojiunga 2016, inabanwa na ibara hiyo kama wenzake. Mchango wa wafanyabiashara usitumiwe kuwapa mawaziri likizo. Lakini mfanyabiashara aliyetia klorini kwenye boza lake, akapima unyevu wa mahindi yake na kubandika hesabu zake ana ulimi mkali zaidi wa kuihoji serikali kuliko yule ambaye mikono yake mwenyewe ni michafu.

Swali la tatu ni kwa nini sasa. Kwa miaka mingi huduma za afya za Sudan Kusini zimesimama kwa nguzo za wafadhili wa nje. Nguzo hizo zinapungua. Mfuko wa pamoja wa afya ulioongozwa na Uingereza ulifikia mwisho 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na mpango mwingine. Mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake na kulifunga shirika lake la USAID, shirika ambalo ndilo lililogharimia lami ya Juba hadi Nimule inayotumiwa na malori haya haya. Aprili mwaka huo, Save the Children ilieleza kwamba watu wanane wenye kipindupindu, watano kati yao wakiwa watoto, walifariki katika Kaunti ya Akobo, Jonglei, walipokuwa wakitembea kwa saa nyingi kwenye jua kutafuta matibabu baada ya huduma za karibu yao kufungwa.

Akobo iko mbali na Gudele, lakini hesabu ni ile ile. Zahanati ya karibu ikifungwa, kilichobaki kati ya mtoto na kipindupindu ni maji yaliyomo kwenye pipa la nyumbani na pakiti ya ORS iliyoko dukani. Vyote viwili vimeletwa na mfanyabiashara. Hakuna mtu mwingine, si waziri wala mtaalamu wa Geneva, aliye karibu na pipa hilo kuliko dereva wa boza, wala aliye karibu na pakiti hiyo kuliko mwenye duka.

Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumaanisha mgeni aje na zawadi pekee. Walimaanisha ujio wake ulete nafuu nyumbani kwa watu. Mganda anayeuza ndizi, Mkenya mwenye duka la vipuri, Mkongo anayeuza vitenge, Mtanzania anayeleta mchele na Mwethiopia mwenye boza wote ni wageni wa Wabari, hata kama wamekaa Juba miaka 15. Jumuiya ya Afrika Mashariki imewarahisishia wengi wao njia kwa nyaraka na viza. Kukaa kwa amani na wenyeji hakupatikani kwa nyaraka. Kunategemea mwenyeji anapata nini kutokana na kuwapo kwao.

Hatua ya kwanza haihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Mvua za Juba huanza mwezi Aprili hivi na hudumu hadi Oktoba au Novemba, na ndiyo majira ambayo vyoo hufurika na visima vifupi huchafuka. Kabla ya mvua zijazo, viongozi wa vyama vya wafanyabiashara, wenye maboza, machifu na wanawake wa Gudele wanaweza kukaa siku moja na kukubaliana jambo moja: kwamba hakuna boza litakalomwaga maji Gudele bila klorini na bila kadi, na kwamba atakayekiuka hatapata wateja. Baada ya hapo waanze na mfuko, kisha nafaka, kisha dawa. Gharama ya hatua hiyo ya kwanza ni gramu 30 kwa kila boza, na wenye maboza wanaweza kuanza kuilipa kesho asubuhi.